Shajara ya mradi: kulinda seva ya kanzidata kabla ya msimu wa korosho

2 Julai

Tumeanza. Seva ni moja, ya Linux, ina PostgreSQL 16 (programu ya kanzidata, kwa kifupi Postgres), prosesa yenye kori 8, RAM ya GB 32 na diski za SSD. Inabeba kazi tatu za chama kikuu chetu huku Mtwara: mizani za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) zinazopima korosho na kutoa stakabadhi, maghala makuu yanayopokea mzigo kutoka vijijini, na uhasibu unaoandaa malipo ya wakulima baada ya kila mnada.

Julai seva hii haina shughuli. Wakulima wako mashambani wanapulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kwenye mashine grafu zote zimelala chini. Ukiitazama sasa utasema inatosha kwa miaka mingi ijayo. Msimu ukifunguliwa Oktoba ndipo sura yake nyingine inapoonekana: magunia yanaanza kumiminika, minada inafuatana wiki kwa wiki, na kila mtu anataka takwimu kwa wakati mmoja.

Lengo la mradi ni kujua kwamba seva inaelemewa kabla karani wa AMCOS hajanyanyua simu. Msimu uliopita simu ndizo zilizokuwa kengele yetu, na simu huja mambo yakishaharibika. Mkulima aliyeleta korosho zake kutoka ndani ndani ya Nanyumbu haondoki mizanini bila stakabadhi mkononi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake wa kilo na daraja. Stakabadhi isipotoka hadi giza likaingia, analala pale pale kulinda magunia. Kwa hiyo kila ninapoandika "ucheleweshaji" kwenye shajara hii, ninamaanisha mtu aliyesimama mahali fulani.

5 Julai

Tumesimika Prometheus, inayokusanya vipimo, na Grafana, inayovichora, kwenye mashine nyingine kabisa, si kwenye seva tunayoichunguza. Hili nililishikilia tangu kikao cha kwanza. Mlinzi anayeishi ndani ya nyumba anayoilinda huungua pamoja nayo. Seva ikizidiwa, chombo cha kuipima kikiwa humo humo nacho kitakwama, na dakika zile tunazozihitaji zaidi zitakuwa pengo tupu kwenye grafu.

Kwenye seva yenyewe zimebaki programu mbili ndogo za kukusanya vipimo: node_exporter kwa hali ya mashine na postgres_exporter kwa hali ya kanzidata. Zinasomwa kila baada ya sekunde 15.

Kuna jambo lililotaka umakini. Postgres ina kikomo cha miunganisho, na kiwango chake cha kawaida ni 100. Mitatu kati ya hiyo imewekwa akiba kwa msimamizi mkuu tu. Ikijaa, hata chombo cha kupima hakiingii, kwa kuwa nacho ni mteja kama wateja wengine. Toleo la 16 limeleta dawa: mpangilio wa reserved_connections, unaotenga nafasi kwa watumiaji waliopewa haki ya pg_use_reserved_connections. Tumetenga nafasi chache, tukampa mtumiaji wa upimaji haki hiyo pamoja na ile ya pg_monitor ili asome takwimu bila kuwa na mamlaka ya kugusa data ya mkulima yeyote.

11 Julai

Mjadala mrefu leo kuhusu kipi kiitwe dalili. Mwenzangu anayeshughulikia mitandao alitaka tahadhari ilie prosesa ikivuka asilimia 80. Ni desturi ya mahali pengi na si ya kijinga. Ila kwa kanzidata haitoshi, na nataka sababu zibaki hapa kwa atakayesoma baadaye.

Kwanza, prosesa inaweza kufika asilimia 95 wakati wa kuandaa ripoti ya usiku na hakuna anayeumia. Pili, na hili ndilo kubwa, prosesa inaweza kuwa asilimia 10 huku kazi yote imesimama. Tatu, namba ya wastani wa mzigo inayoonyeshwa na Linux haihesabu wanaosubiri prosesa peke yao. Tangu 1993 inajumuisha pia michakato iliyokwama ikisubiri diski. Ukiona 12 kwenye mashine ya kori 8 hujaambiwa bado kama kinachopungua ni prosesa au diski.

Kinachomgusa karani ni kusubiri. Basi tupime kusubiri: nani anasubiri, anasubiri nini, kwa muda gani, na nyuma yake wamepanga wangapi. Hesabu za foleni zina umri mkubwa. Agner Krarup Erlang alichapisha kazi yake ya kwanza mwaka 1909 akiwa kampuni ya simu ya Copenhagen, akitafuta njia ya kujua msongamano wa simu. Katika mfano rahisi kabisa, wa mhudumu mmoja na wateja wanaofika bila mpangilio, muda wote wa mteja ni muda wa huduma ugawanywe kwa sehemu ya muda ambayo mhudumu yuko huru. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda, mteja anatumia mara mbili ya muda wa huduma. Asilimia 80, mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Kati ya 50 na 80 mtu hashtuki, kisha hatua ndogo tu mbele yake inaangusha kila kitu. Mashine yenye kori nyingi hustahimili zaidi kabla ya kupinda, lakini ikipinda hupinda kwa ghafla zaidi.

Hesabu ya pili tuliyobandika ukutani ni ya John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Maombi 200 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 0.05, ni maombi 10 ndani kwa wakati mmoja. Kitu kikichelewesha kila ombi hadi sekunde 0.5, walio ndani wanakuwa 100, na hapo ndipo kikomo chetu cha miunganisho kilipo. Hakuna aliyeongeza wateja hata mmoja. Muda tu umeongezeka, na mlango umejaa. Tangu mwenzangu aone hesabu hii, hoja ya asilimia 80 haijarudi mezani.

16 Julai

Vipimo tulivyochagua kuanza navyo.

Upande wa mashine: faili za /proc/pressure, zilizoingia Linux toleo la 4.20 mwaka 2018. Zinasema ni sehemu gani ya muda ambapo kazi fulani ilikwama kwa kukosa prosesa, kumbukumbu au diski, kwa wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Ni kipimo cha kusubiri chenyewe, na kwangu mimi ndicho bora kuliko vyote ambavyo Linux inatoa kwa kazi hii.

Upande wa kanzidata: pg_stat_activity. Kila muunganisho una mstari wake humo, ukionyesha hali yake na, tangu toleo la 9.6, kitu unachokisubiri. Ulizo (ombi moja kwa kanzidata) likiwa linafanya kazi na safu ya kusubiri iko tupu, kwa kawaida liko kwenye prosesa. Ikisomeka IO, liko kwenye diski. Ikisomeka Lock, limezuiwa na mwenzake, na pg_blocking_pids inakutajia aliyezuia. Tukaongeza pg_stat_statements ili kujua maulizo yanayokula muda mwingi kwa jumla. Ulizo la nusu sekunde linaloitwa mara moja kwa saa si tatizo. La milisekunde 8 linaloitwa bila kukoma ndilo linalobeba mashine.

24 Julai

PgBouncer imewekwa. Hii husimama kati ya programu na kanzidata, ikipokea miunganisho mingi na kuigawia michache iliyo wazi, muamala kwa muamala (muamala ni kundi la hatua zinazokamilika zote au zisikamilike kabisa). Mizani zote za AMCOS sasa zinapitia hapo, nasi tumebakiza miunganisho 20 halisi kwa ajili yao. Wengine wameuliza kwa nini tusipandishe tu kikomo cha Postgres hadi 500. Kila muunganisho wa Postgres ni mchakato kamili wa mfumo wa uendeshaji, na kila hatua ya kupanga data ndani ya ulizo inaweza kuchukua work_mem yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi), MB 4 kwa kawaida, si mara moja kwa muunganisho bali kwa kila hatua. Watu 500 wakianza kupanga na kujumlisha pamoja kwenye kori 8 hawaendi kasi zaidi. Wanasukumana.

Faida niliyoipenda zaidi ni upimaji. Amri ya SHOW POOLS inatoa cl_waiting, idadi ya wateja waliopanga foleni bila kupewa muunganisho, na maxwait, muda ambao wa mbele kabisa amesubiri. Sasa foleni ina namba.

6 Agosti

Siku nzito, na imetufundisha kuliko wiki zote zilizotangulia.

Saa nne asubuhi mhasibu mkuu alipiga. "Mwanangu, mbona mafaili ya wakulima hayafunguki? Mashine imezimwa?" Nikamwamkia, nikamwambia, "Hapana mama, inawaka, nipe dakika chache niangalie." Prosesa ilikuwa karibu na sifuri. Diski, shwari. Mwenye kutazama asilimia angesema seva iko likizo. Lakini cl_waiting ilikuwa inapanda, na kwenye pg_stat_activity maulizo karibu yote yalisomeka Lock.

Mnyororo wake ulikuwa hivi. Programu ya ripoti, iliyotengenezwa na watu wa nje, hufungua muamala mtumiaji anapofungua ukurasa, kisha huuacha wazi hadi atakapobonyeza kitufe cha kumaliza. Mtu mmoja alifungua ripoti akaenda kikaoni. Muunganisho wake ukabaki katika hali ya "idle in transaction": haufanyi chochote, lakini umeshika kufuli dogo la kusoma jedwali la wakulima. Kufuli hilo peke yake halimzuii msomaji mwingine. Baadaye likaja badiliko dogo la kuongeza safu kwenye jedwali hilo hilo. ALTER TABLE, amri ya badiliko hilo, hudai kufuli la juu kabisa lisilokubali mwenza, hivyo ikasimama kumsubiri yule aliyekwenda kikaoni. Na kila ulizo lililofika baada yake, hata la kusoma tu, likapanga nyuma ya ALTER TABLE, maana lingegongana na kufuli linalosubiriwa. Ni kama mizani isiyo na gunia juu yake, na wakulima wamejaa hadi barabarani, kwa kuwa mwenye ufunguo wa ghala hajafika.

Tuliufunga muunganisho ule kwa pg_terminate_backend na foleni ikayeyuka papo hapo.

Kisha tukaweka kinga. Kwa mtumiaji wa programu ya ripoti, idle_in_transaction_session_timeout ni dakika 5. Anayezembea na muamala wazi anakatwa. Kwa mabadiliko yote ya majedwali, lock_timeout ya sekunde 3. Badiliko likikosa nafasi linajitoa na kurudi baadaye badala ya kuziba njia. Log_lock_waits imewashwa, kwa hiyo kila anayesubiri kufuli zaidi ya sekunde moja anaandikwa kwenye logi. Na tahadhari mpya: muamala wowote wenye umri zaidi ya dakika 5, wakati wowote, mchana au usiku.

Alasiri nilimpitia mhasibu ofisini kumweleza kwa nini ripoti itajifunga akiiacha. Akasikiliza, akasema, "Sawa, lakini uwaambie na vijana wangu, wao ndio wanaoziacha." Nimeandika maelekezo ya ukurasa mmoja na yamebandikwa.

13 Agosti

Madhara mengine ya miamala mirefu, ambayo hayaonekani siku hiyo hiyo. Postgres haifuti mstari wa zamani unapobadilishwa. Huandika mpya na kuacha wa zamani hadi autovacuum ipite kusafisha. Muamala ukibaki wazi, hairuhusiwi kusafisha mistari ambayo muamala huo ungeweza bado kuiona. Jedwali linavimba, diski inasomwa zaidi kupata data ile ile, na wepesi wa jana unapotea pole pole.

Tulikuta jedwali la mapokezi limevimba kuliko tulivyotarajia. Sababu ya pili ni mpangilio wa kawaida: autovacuum huanza mistari mifu ikizidi 50 jumlisha asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la mistari milioni 5, hiyo ni zaidi ya milioni moja ya takataka kabla ufagio haujashikwa. Kwa jedwali hili tumeshusha hadi asilimia 2. Afadhali kufagia mara nyingi kidogo kidogo. Idadi ya mistari mifu kwa kila jedwali kubwa sasa iko kwenye dashibodi.

29 Agosti

Jaribio la mzigo. Tuliandika kazi za msimu kama hati za pgbench, chombo cha Postgres cha kujaribu mzigo: kupima gunia, kutoa stakabadhi, kupokea ghalani, kuandaa orodha ya malipo. Tukazirusha kwenye mashine pacha, si kwenye seva halisi, tukiongeza wateja hatua kwa hatua.

Picha ilifuata hesabu za Erlang kwa uaminifu. Kwa muda mrefu kuongeza wateja kuliongeza kazi iliyokamilika. Kisha kazi ikaacha kuongezeka, na kila mteja mpya akawa anaongeza tu muda wa wenzake. Mahali mkondo ulipoinama ndipo uwezo wetu ulipo, na kiwango cha tahadhari tumekiweka kabla yake. Kilichotangulia kupiga kelele hakikuwa prosesa. Ilikuwa /proc/pressure/io, yaani msukumo wa diski.

10 Septemba

Hili la mitandao ya vijijini nimelifikiria muda mrefu.

AMCOS nyingi hazina mtandao wa kuaminika mchana kutwa. Kifaa cha mizani hutunza vipimo ndani yake na kuvituma mtandao ukirudi. Mara nyingi mnara ukirudi, unarudi kwa vijiji vingi kwa pamoja, na mzigo wa siku nzima unaanguka kwenye seva ndani ya dakika chache, kwa kawaida kuanzia saa kumi na moja jioni.

Hilo peke yake tunalimudu. Kinachoua ni kurudia. Kifaa kilikuwa kimepangwa kusubiri jibu sekunde 10, kikilikosa kitume tena. Seva ikichelewa kidogo tu, vifaa vyote vinatuma mara ya pili, seva ikiwa bado inashughulikia ombi la kwanza ambalo hakuna anayelisubiri tena. Mzigo unajizaa wenyewe, na hata mawimbi ya mwanzo yakipita, foleni haiishi.

Tumebadilisha programu ya vifaa. Kikikosa jibu kinasubiri muda unaoongezeka maradufu kila mara, na kila kifaa kinaongeza muda wa kubahatisha wa kwake ili visirudi kwa mguu mmoja. Kila stakabadhi inapewa namba ya pekee kwenye kifaa chenyewe kabla ya kutumwa, na upande wa kanzidata tunaingiza kwa ON CONFLICT DO NOTHING. Kipimo kikija mara tatu kinaandikwa mara moja. Hapa sikuwa tayari kulegea hata kidogo, kwa sababu stakabadhi iliyoandikwa mara mbili ni ugomvi kati ya mkulima na karani wake, na karani ndiye atakayeitwa mwizi.

22 Septemba

Tahadhari. Zilikuwa zimeongezeka hadi watu wakaanza kuzipuuza, nasi tumezikata. Zinazotuma SMS usiku na mchana ni hizi tu: wateja kubaki kwenye foleni ya PgBouncer kwa zaidi ya dakika moja mfululizo, muamala uliozidi dakika 5, msukumo wa diski kupita kiwango cha jaribio la Agosti, na diski ambayo kwa mwendo wake wa sasa itajaa ndani ya siku 4, ambayo Prometheus huikadiria kwa predict_linear. Mengine yote yanabaki kwenye dashibodi kwa mwenye kuchunguza. Kila SMS inabeba hatua ya kwanza ya kuchukua, ili anayeamshwa saa nane usiku asianze kutafuta maelekezo.

17 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Magunia yanaingia.

Tahadhari ya kwanza ya kweli ililia saa moja na robo usiku: foleni ya PgBouncer, na baada yake msukumo wa diski. Hakuna simu iliyopigwa na karani yeyote. Maulizo yalisomeka IO, na katikati yake kulikuwa na pg_dump, programu ya nakala rudufu, ikisoma kila jedwali toka mwanzo hadi mwisho. Nakala rudufu ilikuwa imepangwa saa moja usiku tangu enzi za mfumo wa zamani, ulipokuwa haupokei kitu jioni. Sasa inakutana ana kwa ana na mawimbi ya vijijini. Tena pg_dump hushika picha moja ya data tangu inapoanza hadi inapomaliza, kwa hiyo kwa muda wote huo ufagio nao umefungwa mikono.

Tumeihamishia saa tisa usiku. Jioni iliyofuata mawimbi yalikuja kama kawaida, cl_waiting ikagusa namba ndogo na kurudi sifuri.

25 Oktoba

Malipo ya kwanza baada ya mnada yamepita kwenye mfumo. Uhasibu walifungua orodha kubwa za wakulima zote kwa asubuhi moja, na hapo ulionekana udhaifu uliobaki: ripoti zao humwaga data ya muda kwenye diski kwa kuwa work_mem haitoshi. Logi ya faili za muda imetuonyesha maulizo mawili yanayohusika. Moja limepata faharasa mpya na halimwagi tena. La pili tumeliongezea work_mem kwa mtumiaji wa ripoti peke yake, si kwa seva nzima.

Kazi zilizobaki kabla ya Desemba: kusimika seva ya pili inayonakili ya kwanza na kuhamishia ripoti zote huko, kuweka kipimo cha kuchelewa kwake nyuma ya seva kuu, na kukubaliana na uhasibu kuchelewa kwa kiasi gani kunavumilika siku ya malipo. Mhasibu mkuu ametaka isizidi dakika moja. Wiki ijayo tunapima kama inawezekana.